Colin Chapman: Fundi aliyeinuliwa na nafuu ya sheria, akaponzwa na njia za mkato

MWENYE karakana ndogo ana kilio kimoja popote alipo: sheria haimtazami kwa ukubwa wake. Jaribio la kugongesha gari ukutani ili kupima usalama humgharimu sawa mwenye kiwanda cha kutoa magari milioni moja kwa mwaka na yule anayetoa mia tano. Mkubwa huigawa gharama hiyo kwa magari milioni moja, mdogo huigawa kwa mia tano.

Ndiyo maana Marekani, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zimewaachia watengenezaji wadogo wa magari mlango wa pembeni, yaani msamaha wa baadhi ya masharti au utaratibu mwepesi wa ukaguzi. Maisha ya Mwingereza Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, yanaonyesha faida ya nafuu za namna hiyo, na pia hasara ya kuzizoea.

Mtaji wa Pauni 25

Chapman alizaliwa Mei 19, 1928, huko Richmond, nje kidogo ya London. Baba yake aliendesha hoteli katika eneo la Hornsey, kaskazini mwa jiji hilo. Kijana huyo alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha London, lakini akili yake ilikuwa kwenye biashara. Akiwa bado mwanafunzi, yeye na rafiki yake walinunua magari makuukuu na kuyauza kwa faida.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilifuta mgawo wa petroli kwa magari ya binafsi. Bei za magari zikaporomoka kwa ghafla. Chapman aliuza kwa hasara na kubaki na gari moja tu lililokosa mnunuzi, Austin Seven la zamani.

Hakulitupa. Alilivua bodi, akalijenga upya katika gereji iliyokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams. Mwaka 1948 gari hilo likawa Lotus la kwanza.

Januari 1952 alifungua kampuni katika mazizi ya farasi yaliyokuwa nyuma ya hoteli ya baba yake. Mtaji ulikuwa Pauni 25 alizokopeshwa na Hazel, ambaye alimwoa mwaka 1954. Kwa miaka ya mwanzo Chapman aliendelea na ajira yake katika kampuni ya alumini mchana, na usiku akaingia karakanani.

Gari lauzwa vipande vipande

Wakati huo gari jipya Uingereza lilitozwa kodi kubwa ya ununuzi. Lakini kodi hiyo iliangukia gari lililokamilika. Mtu aliyenunua vipande na kuunganisha mwenyewe nyumbani hakuilipa.

Chapman aliuona mwanya huo na kuutumia barabara. Mwaka 1957 alitoa Lotus Seven, gari dogo la wazi la watu wawili, jepesi kupindukia. Likiwa kamili, pamoja na kodi, bei yake ilizidi Pauni 1,000. Likiwa vipande ndani ya masanduku, mnunuzi alilipa karibu nusu.

Husimuliwa kwamba sheria haikuruhusu vipande hivyo kuambatanishwa na maelekezo ya kuunganisha gari. Basi wateja wakapewa maelekezo ya kulifungua, wakayasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Kwa njia hiyo kijana mwenye mshahara wa kawaida na seti ya spana alipata gari la mbio, na kampuni changa ikapata fedha ya kulipa mafundi. Takriban magari 2,500 ya Seven yalitengenezwa na Lotus.

Wepesi na bei yake

Siri ya Chapman kiufundi ilikuwa kupunguza uzito. Kwake, kila kipande kilipaswa kufanya kazi zaidi ya moja, na chuma kisichokuwa na kazi kiondolewe. Gari jepesi hukimbia zaidi kwa injini ndogo, hula petroli kidogo na hukata kona vizuri. Katika mbio za langalanga, yaani Formula One, Lotus ilitwaa ubingwa wa watengenezaji mara saba kati ya mwaka 1963 na 1978.

Dereva wake mashuhuri zaidi alikuwa Jim Clark, mkulima na mfugaji wa kondoo kutoka Uskoti. Aliipatia Lotus ubingwa wa dunia wa madereva mwaka 1963 na 1965.

Lakini kipande kilichopunguzwa mno huvunjika. Mwaka 1960 katika uwanja wa Spa, Ubelgiji, usukani wa gari la dereva Mike Taylor ulikatika na akaumia vibaya. Aliishitaki Lotus na kushinda. Mwaka 1969, mabawa ya kukandamiza gari yalivunjika kwenye magari mawili ya Lotus katika mashindano ya Hispania. Mmoja wa madereva hao, Jochen Rindt, alimwandikia Chapman barua akilalamika kwamba magari yake ni dhaifu mno na kwamba yeye anahitaji gari la kuaminika.

Septemba 5, 1970, Rindt alifariki dunia mazoezini huko Monza, Italia, baada ya mhimili wa breki ya mbele kukatika na gari kugonga kingo za barabara ambazo hazikufungwa vizuri. Chapman alifunguliwa mashitaka nchini Italia na baadaye akaondolewa hatia. Rindt alitangazwa bingwa wa dunia akiwa kaburini.

Masharti yabadilika

Wakati huo huo mambo yalikuwa yakigeuka upande wa magari ya barabarani. Marekani, soko muhimu kwa Lotus, ilipitisha sheria ya usalama wa magari mwaka 1966, na masharti ya kwanza yakaanza kutumika Januari 1968: mikanda, taa, usukani usiomchoma dereva kifuani na mengineyo.

Mwaka huo wa 1968 Bunge la Marekani liliona kwamba wadogo wangefungiwa nje, likaweka msamaha wa muda kwa watengenezaji wasiozidi magari 500 kwa mwaka. Mwaka 1972 kiwango hicho kilipandishwa hadi magari 10,000.

Msamaha huo hautolewi bure. Mwombaji lazima aonyeshe kwamba kutimiza sharti kutamuumiza sana kifedha na kwamba amejitahidi kwa nia njema kulitimiza. Hupewa muda usiozidi miaka mitatu, ingawa anaweza kuomba tena. Gari lenyewe hubandikwa maandishi yanayomweleza mnunuzi ni sharti gani halikutimizwa. Hapo ndipo penye haki: mnunuzi anajua anachonunua.

Uingereza nako, Aprili 1973 Kodi ya Ongezeko la Thamani ilichukua nafasi ya kodi ya ununuzi. Vipande navyo vikatozwa, na nafuu iliyoilea Lotus ikafa. Mwaka huo huo haki za kutengeneza Seven zilikwenda kwa kampuni ya Caterham, iliyokuwa wakala wake, na ambayo inalitengeneza hadi leo.

Chapman aligeukia magari ya bei kubwa. Lotus Elite la mwaka 1974 liliundwa likizingatia masharti ya Marekani ya kugongana, likawekewa vyuma ndani ya milango. Alionyesha kwamba hata mdogo, akiamua, anaweza kufikia kipimo.

Mwisho wenye doa

Tatizo ni kwamba mazoea ya kutafuta mwanya hayakuishia kwenye kodi ya vipande, ambayo ilikuwa halali. Mwaka 1978 Lotus ilipewa kazi ya kusanifu gari la DeLorean, lililojengwa karibu na Belfast kwa fedha nyingi za walipakodi wa Uingereza. Zaidi ya Dola milioni 17 zilipitishwa katika kampuni iliyosajiliwa Panama, na sehemu yake haikufika kwenye kazi iliyokusudiwa.

Kiwanda cha DeLorean kilianguka mwaka 1982. Desemba 16 mwaka huo Chapman alifariki dunia kwa mshtuko wa moyo akiwa na umri wa miaka 54, kabla hajajibu maswali. Mwaka 1992 mhasibu wake wa siku nyingi, Fred Bushell, alifungwa miaka mitatu. Jaji alisema Chapman angekuwa hai angepata kifungo kisichopungua miaka kumi.

Kampuni yake ilibaki, na bado ilihitaji mlango wa pembeni. Mwaka 2006 Marekani iliisamehe Lotus Elise sharti la mifuko ya hewa ya kisasa. Msamaha ulipokwisha mwaka 2011, mauzo ya gari hilo la barabarani nchini humo yakakoma.

Kwa msomaji anayechomelea matela, anayeunda mashine za kukoboa au anayesindika matunda, funzo liko wazi. Nafuu anayopewa mdogo ni ngazi ya kupandia, si sakafu ya kujengea nyumba. Itumie ikiwepo, weka akiba ya siku itakapoondolewa, na mweleze mteja ukweli wa kilichopungua. Serikali inaweza kukusamehe sharti, lakini chuma chembamba hakimsamehi mtu.