Federico Tesio: farasi wa kweli ni yule anayedumu

Leo tunatoka mbali na shimo zetu. Tunaenda Italia, kwa mutu aliyefuga farasi wa mbio. Jina lake ni Federico Tesio. Tulimuchagua juu aliuliza swali lenye kutugusa: nani ana nguvu ya kweli, mwenye kukimbia sana siku moja, ao mwenye kudumu?

Tesio alizaliwa Turin mwaka 1869. Wazazi walikufa yeye angali mutoto, akasoma kwa mapadri ku Moncalieri. Akawa ofisa wa askari wa farasi, kisha akatembea inchi za mbali, China hata Argentina. Mwaka 1898, yeye na bibi yake Lydia walianza shamba la farasi ku Dormello, kando ya ziwa Maggiore. Hakuwa maskini, lakini feza yake haikufikia ile ya matajiri wa Uingereza na Ufaransa. Wale waliweza kununua kila kitu. Yeye ilimulazimu achague vizuri.

Na kuchagua njo kazi yenyewe. Farasi wa mbio ana mwili wa kilo karibu 500, lakini miguu yake ni membamba. Akikimbia, kuna wakati uzito wote unaangukia muguu mumoja. Kano zinakatika, mufupa unapasuka. Inatokea dume ashinde mbio chache tu, miguu ikatae, wamutoe mapema, kisha wamuletee majike kwa bei kali. Watoto wanariti mbio zake, na wanaweza kuriti miguu yake pia. Raise a Native wa Marekani alikimbia mara 4 tu mwaka 1963, akashinda zote, kisha kano ikaharibika. Alizaa wakimbiaji wakali, lakini wafugaji wengi walimujua pia kama baba wa miguu mibovu.

Basi dume anapimwa namna gani? Si kwa mutoto mumoja aliyeleta kikombe. Unahesabu wote waliozaliwa: wangapi walifika ku uwanja wa mbio? Kila mumoja alikimbia mara ngapi? Wangapi wangali wanakimbia na miaka 4 ao 5? Tena unaangalia mama zao, juu dume anayeletewa majike mazuri peke yake ataonekana mwema hata kama si yeye aliyeleta wema ule.

Tesio alikuwa na bahati moja: ni yeye alizalisha farasi, na ni yeye tena aliwafundisha. Kwa hiyo zaifu ya kila mumoja aliiona asubuhi kwa asubuhi, hakuihadisiwa. Wakati wa baridi farasi walishuka kusini, karibu na Roma. Madume yake mazuri aliyauza, na majike aliyatuma Uingereza na Ufaransa, kwa dume aliyemuchagua yeye mwenyewe.

Mwaka 1915, wakati wa vita, bei zilianguka. Alinunua ku Newmarket jike Catnip kwa guinea 75, feza kidogo sana. Catnip akazaa Nogara. Kwa Nogara, Tesio alitaka kwanza dume Fairway, lakini nafasi zilikuwa zimejaa. Akamupeleka kwa Pharos, ndugu ya Fairway baba moja mama moja. Pharos alikuwa amekimbia mara 30 na kushinda 14: miguu iliyopimwa kweli. Mwaka 1935 akazaliwa Nearco. Alikimbia mara 14, hakushindwa hata mara moja. Mwaka 1938 alishinda Grand Prix de Paris, mita 3.000, akauzwa Uingereza kwa pauni 60.000. Leo ni vigumu kukuta farasi wa mbio asiye na damu yake.

Kisha Tenerani. Huyu alishinda Derby ya Italia, na mwaka 1948 Goodwood Cup, mbio ya zaidi ya kilomita 4. Mutoto wake Ribot alizaliwa 1952, mudogo sana, wakamuita Piccolo. Hawakumuandikisha hata mu Derby. Tesio alikufa tarehe 1 Mei 1954, na miaka 85. Ribot alianza kukimbia Julai ya mwaka ule. Alikimbia mara 16 mu Italia, Ufaransa na Uingereza, akashinda zote, na Arc de Triomphe mara mbili, 1955 na 1956.

Hatumufanyi kuwa mutakatifu. Alikuwa patroni, na mwaka 1939, mu utawala wa Mussolini, aliingizwa mu Senate. Na wale waliolala mu zizi, waliofunga miguu ya Nearco bandeji, majina yao hatuyakuti mu vitabu.

Lakini kipimo chake tunakichukua. Mu kazi yetu mutu anasifiwa juu ya tani za siku moja. Sisi wa sindika tunauliza hesabu ingine: kati ya wale walioingia pamoja mwaka mumoja, wangapi wangali wanasimama nyuma ya miaka kumi? Mapafu yao iko namna gani? Mugongo je? Kazi inayotoa mingi leo na kuvunja watu kesho haijapimwa vizuri. Farasi walihesabiwa hivyo. Na sisi tuhesabiwe.