Mwanasaikolojia Aliyekabidhiwa Kompyuta za Jeshi

Sisi tunaosoma ualimu huwa tunaulizwa kompyuta zinatuhusu nini. Mimi huwajibu kwa jina moja: J.C.R. Licklider.

Alizaliwa mwaka 1915 huko St. Louis, Marekani. Injinia wa kompyuta hakuwa. Shahada yake ya uzamivu ilikuwa ya saikolojia, akichunguza usikiaji wa sauti.

Miaka ya 1950, akiwa MIT, alishiriki mradi wa SAGE, mfumo wa kuilinda anga ya Marekani dhidi ya ndege za Kisovieti. Rada zilituma taarifa kwa laini za simu hadi kwenye kompyuta ya zaidi ya tani 200. Askari aliielekeza bastola ya mwanga kwenye alama ya ndege katika skrini, na mashine ikamletea taarifa zake palepale. Kwingineko wakati huo ulikabidhi kadi zilizotobolewa, ukaenda zako, ukasubiri majibu.

Licklider akajipima mwenyewe. Akagundua kwamba kama asilimia 85 ya muda wake wa kufikiri iliishia kwenye kutafuta taarifa, kukokotoa na kuchora grafu. Kufikiri kwenyewe kulibaki na makombo! Mwaka 1960 akachapisha makala akitaka mtu na kompyuta washirikiane, kila mmoja afanye anachokiweza.

Oktoba 1962 ARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi, likampa ofisi ya utafiti wa mifumo ya kuamuru na kuratibu vikosi. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kamanda hawezi kusubiri kadi, na mwanasayansi pia hawezi. Basi akapeleka fedha vyuoni, MIT, Stanford na Berkeley, ili watu wengi watumie kompyuta moja kwa wakati mmoja. Mwaka 1963 akawaandikia wenzake juu ya kuziunganisha kompyuta hizo. Aliondoka 1964, lakini Oktoba 1969 mtandao wa ARPANET ukaanza, mzazi wa intaneti yetu. Alifariki 1990.

Tusimpambe sana, fedha zile zilikuwa za vita. Ila jamaa alianza na mtu aliyekaa mbele ya mashine: anakwama wapi, muda wake unaliwa na nini. Kesho shule zetu zikiletewa kompyuta, swali hilo nani ataliuliza? Fundi atauliza kama zinawaka. La mwanafunzi ni letu, tusimwachie fundi.