Fundi Konde: Mwana wa Kilifi aliyelikaribisha gita nyumbani

KATIKA harusi na tafrija za jioni kuanzia Mtwapa hadi mtaa wa Muyeye mjini Malindi, gita limekuwa mwenyeji. Mtoto akilibeba begani kurudi nalo nyumbani, majirani hawashangai tena, na akibahatika kuwa na wazazi wapenda muziki, ataonyeshwa pa kuliweka na saa ya kulipiga.

Mambo hayakuwa hivyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ala hiyo ya nyuzi sita ilifika pwani kama mgeni, ikapitia mikononi mwa mabaharia na wamishonari, na wazee wengi waliitazama kwa jicho la shaka. Mpiga gita alidhaniwa kuwa mvivu, mtu wa vilabuni, asiye na shamba wala kazi ya kutegemewa.

Miongoni mwa walioubadilisha mtazamo huo ni marehemu Fundi Konde, mtunzi na mpiga gita ambaye nyimbo zake zingali zinaimbwa hata na watu wasiolijua jina lake.

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 katika kijiji cha Mwabayanyundo, katika iliyokuwa wilaya ya Kilifi, katika jamii ya Wagiriama. Jamii hiyo, kama Wamijikenda wengine, haikuwa na upungufu wa muziki. Kila tukio lilikuwa na ngoma yake, iwe ni harusi, matanga, mavuno au uganga.

Ala zilizotawala zilikuwa ngoma za ngozi na kayamba, ile ala bapa ya matete yenye mbegu ndani ambayo hutikiswa kwa mikono miwili. Uimbaji nao ulikuwa wa kupokezana, kiongozi akianzisha na kundi likimwitikia. Mtoto aliyekulia hapo alijifunza mapigo kwa kutazama na kucheza, kabla hajafundishwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo, gita lilipoingia katika nyumba hiyo halikukuta ukimya. Lilikuta familia kubwa ya muziki iliyokwisha kujipanga, na swali lilikuwa moja tu: je, mgeni huyu ataketi wapi?

Malezi ya Fundi Konde yalimweka mahali pazuri pa kulijibu swali hilo. Alipitia shule ya wamishonari Wakatoliki, na huko akakutana na muziki wa namna nyingine, wenye ala za kigeni na sauti za kupangwa. Akawa mtu wa nyumba mbili, ile ya ngoma na kayamba, na ile ya shule.

Nyumba ya tatu ilikuwa jeshi. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki waliingizwa katika kikosi cha King's African Rifles, na wengi wao wakavushwa bahari kwenda kupigana na Wajapani nchini Burma. Jeshi lilianzisha pia kundi la burudani la kuwaliwaza askari, na Fundi Konde akawa mmoja wa wanamuziki wake. Kazi hiyo ilimfikisha India na Burma.

Safari hiyo haikuwa ya anasa, kwani wapo askari wengi wa Afrika Mashariki waliozikwa huko. Lakini kwa mpiga gita kijana ilikuwa chuo. Wanamuziki kutoka Kenya na Uganda walikaa pamoja, wakabadilishana nyimbo na kujifunza kupiga kama bendi. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Vita vilipomalizika mwaka 1945, baadhi ya wanamuziki wa kundi hilo waliendelea pamoja na kujulikana kwa jina la Rhino. Fundi Konde naye alirejea akiwa na ujuzi ambao wenzake wachache wa pwani walikuwa nao. Katika kizazi hicho walikuwamo pia Lukas Tututu na Paul Mwachupa, wapiga gita wa pwani ambao nao waliimba kwa Kiswahili.

Wakati huo biashara ya santuri ilikuwa ikipanuka. Tangu miaka ya 1930 santuri za Cuba zilizotolewa na kampuni ya HMV zilikuwa zimeenea Afrika, na vijana wa mijini walikuwa wamezizoea rumba zake. Aidha, mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alikuwa amekwenda Bombay kurekodi, akathibitisha kwamba Kiswahili kina wanunuzi.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 Fundi Konde alirekodi nyimbo nyingi, na akafanya kazi na Peter Colmore, mfanyabiashara wa burudani jijini Nairobi ambaye alihusishwa na santuri za HMV. Ni katika kipindi hicho zilipotoka Tausi Ndege Wangu, Kipenzi Waniua, Majengo Siendi Tena na Ajali Haikingiki. Alikuwa pia miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gita la umeme.

Gita hilo lilikuwa na umuhimu wake. Gita la kawaida husikika vyema sebuleni, lakini katika ukumbi uliojaa wachezaji humezwa na vishindo vya miguu. Umeme ulilipa sauti ya kushindana na tarumbeta na ngoma, na mpiga gita akatoka pembeni akawa kiongozi wa bendi.

Hata hivyo, Fundi Konde hakuutumia umeme huo kupiga kelele. Anayezisikiliza santuri zake leo atakuta sauti tulivu, maneno yanayotamkwa wazi, na gita linalojibu pale mwimbaji anapopumua. Ndiyo ile desturi ya kupokezana aliyokulia nayo, ila safari hii waitikiaji walikuwa nyuzi.

Alichagua pia kutunga kwa Kiswahili, ingawa angaliweza kubaki na Kigiriama. Uamuzi huo ulimfungulia milango ya Mombasa, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Nyimbo zake zilizungumzia mapenzi, ajali na vishawishi vya mjini, mambo ambayo kila msikilizaji aliyahama nayo kutoka kijijini au aliyakuta mjini.

Mwaka 1952 kampuni ya East African Records ilianza shughuli zake Nairobi, na kazi ya kuchapisha santuri ambayo awali ilifanywa ng'ambo ikawa inafanyika nchini. Muziki ukaongezeka, lakini mapato ya watunzi hayakuongezeka kwa kiasi hicho. Wanamuziki wengi wa enzi hiyo walipewa malipo ya mara moja studioni, kisha wimbo ukaenda zake.

Hasara haikuwa ya fedha peke yake, kwani wimbo usio na karatasi hupoteza mwenyewe. Mfano unaojulikana zaidi ni Malaika, ambao Fadhili William aliurekodi na Jambo Boys, ukazunguka dunia kwa sauti za wengine, na hadi leo watu wanabishana ni nani aliyeutunga. Chama cha kukusanya haki za wanamuziki nchini Kenya, MCSK, kilianzishwa mwaka 1983, wakati ambapo nyimbo kubwa za Fundi Konde zilikuwa na umri wa miaka 30 hivi.

Miaka ya 1960 ilileta ladha nyingine. Vijana waliupokea mtindo wa twist wa akina Daudi Kabaka, kisha magita ya Kongo yakatanda kila mahali. Santuri za Fundi Konde zikaingia katika kundi la zilizopendwa, na jina lake likaanza kusikika kwa nadra.

Aliyemkumbuka hakutoka mbali. Bendi ya Them Mushrooms, iliyoanzishwa mwaka 1972 na ndugu wa familia ya Harrison kutoka Kaloleni, Kilifi, ilikuwa imejipatia umaarufu kwa wimbo Jambo Bwana wa mwaka 1982. Ndugu hao walishirikiana na mzee huyo na kuzirejesha nyimbo zake kwa wasikilizaji wapya. Familia iliyoishi kwa gita ilimfungulia mlango mtu aliyekuwa amelifungulia gita mlango.

Mwaka 1994 lebo ya RetroAfric ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa rekodi zake za kati ya mwaka 1947 na 1956. Kwa mara ya kwanza, wapenzi wa muziki walioko mbali na Afrika Mashariki waliweza kuzisikia nyimbo hizo zikiwa pamoja, zikiwa na jina la mtunzi wake. Fundi Konde aliishi kuliona hilo. Aliaga dunia mwaka 2000.

Maisha yake yanaweza kumfaa mzazi anayeona gita jipya likiingia nyumbani mwake leo. Hofu ya wazee wa zamani ilikuwa kwamba ala ngeni ingewafukuza wenyeji. Lakini kayamba lingali linatikiswa Kilifi, na Kigiriama kingali kinaimbwa, huku gita likiwa limepata kiti chake kando yao.

Lililo gumu zaidi ni lile Fundi Konde alilolipitia baadaye: wimbo kuimbwa na kila mtu ilhali aliyeutunga hatajwi. Yeyote atakayeuanzisha wimbo wa Tausi harusini, iwe Muyeye au Mwabayanyundo, hatapungukiwa na kitu akitaja kwanza ni wa nani.