Marehemu Bwana Edward Carey Francis

Ni desturi njema kuwakumbuka waliotangulia. Katika taarifa hii tunamkumbuka marehemu Bwana Edward Carey Francis, mwalimu mkuu mashuhuri wa Maseno na Alliance, ambaye kazi yake ya mwisho aliifanya hapa Eastlands, katika mtaa wa Pumwani.

Alizaliwa mwaka 1897 huko Hampstead, London. Katika Vita Kuu ya Kwanza alipigana Ufaransa katika kikosi cha mizinga. Baada ya vita alisoma hesabu Cambridge, akawa mwalimu wa chuo hicho kikuu. Angeweza kukaa huko kwa raha hadi uzeeni. Lakini mwaka 1928 aliyaacha hayo, akaja Kenya na misheni ya C.M.S. kuiongoza shule ya Maseno, Nyanza.

Mwaka 1940 alihamia Alliance High School, Kikuyu, iliyofunguliwa mwaka 1926 kwa ushirika wa misheni za Kiprotestanti. Aliiongoza miaka 22. Siku hizo shule za sekondari za Waafrika zilikuwa chache mno, na kila nafasi ilikuwa kama dhahabu. Alifundisha hesabu mwenyewe, alicheza mpira pamoja na vijana, na hakuvumilia uvivu wala uwongo. Uhuru ulipofika mwaka 1963, kadhaa katika mawaziri wa kwanza walikuwa wamepita mikononi mwake.

Haifai kuandika sifa tupu. Alikuwa mkali kupita kiasi, na imani yake kwamba Mwafrika aongozwe polepole iliwaudhi vijana wengi. Bwana Oginga Odinga, aliyesoma na baadaye kufundisha Maseno, alihitilafiana naye. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, aliwapinga Mau Mau. Hata hivyo hakunyamaza alipoona ukatili wa askari wa serikali kwa raia.

Mwaka 1962 alistaafu. Wengi wangetazamia arudi kwao na heshima zake. Badala yake alikwenda Pumwani Secondary School, akawa mwalimu wa kawaida. Aliyezoea kuamuru alikubali kuamriwa. Aliyefundisha vijana waliochujwa kutoka nchi nzima alishika chaki mbele ya watoto wa mtaani kwetu. Aliendelea hivyo hadi alipofariki mwaka 1966.

Wazee na wanachama, jambo hili latuhusu. Mara nyingi katika vyama vyetu, mtu akiondolewa kitini huona kazi imekwisha. Haonekani tena mkutanoni, na ada yake hukoma. Marehemu alijua kwamba kiti hupita, bali kazi hubaki. Tunaweza kuyakataa baadhi ya mawazo yake, na ni haki yetu. Lakini miaka ile minne ya Pumwani tusiisahau, hasa siku tutakapotakiwa kumwachia mwingine kiti.