Soichiro Honda: Mtoto wa mhunzi aliyeanza kwa gari la vyuma chakavu

UFIPA ni nchi ya wahunzi. Kabla majembe ya dukani hayajafika Sumbawanga, Wafipa waliyeyusha chuma chao wenyewe katika matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, waliyoyaita malungu. Tanuru hilo lilivuta hewa lenyewe bila kuvukutwa. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena kwenye tanuru dogo lenye mivukuto, ndipo kikafuliwa kuwa jembe, shoka au mkuki.

Kazi ya kuyeyusha chuma ilikufa katika karne ya 20 baada ya majembe ya kiwandani kuzagaa, lakini ufundi wa kukifanya chuma kimoja kiwe kitu kingine haukufa. Leo fundi wa kuchomelea huichukua ekseli ya gari bovu akaigeuza kuwa mkokoteni wa ng'ombe, ukabeba mahindi, maharage na alizeti kutoka shambani hadi barabarani.

Tatizo ni kwamba mafundi wengi wa aina hiyo huishia palepale walipoanzia. Mikono yao ni hodari, kazi ipo, lakini miaka 20 baadaye gereji ni ileile chini ya mti uleule. Ndiyo maana maisha ya Soichiro Honda wa Japani yanafaa kusomwa na fundi na mkulima wa Rukwa. Jina lake limeandikwa kwenye pikipiki, jenereta na pampu za maji duniani kote, lakini alianza kama mtoto wa mhunzi wa kijijini, na kazi ya kwanza iliyomtoa kimasomaso ilikuwa gari la mashindano lililoundwa kwa chesisi ya gari jingine na injini ya ndege iliyokwisha kazi.

Mtoto wa mhunzi

Honda alizaliwa Novemba 17, mwaka 1906, katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi ambaye baadaye aliongeza kazi ya kutengeneza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji wa vitambaa.

Shuleni hakuwa mtoto wa kusifiwa. Alipenda mashine kuliko vitabu. Gari la kwanza lilipopita kijijini kwao alilikimbilia kwa nyuma, na liliposimama akainama kunusa oili iliyodondoka chini. Mwaka 1917 alichukua baiskeli ya baba yake bila ruhusa na kuendesha kilometa zipatazo 20 kwenda kumwona rubani wa Kimarekani, Art Smith, akirusha ndege. Fedha za kiingilio hazikumtosha, hivyo akapanda juu ya mti na kutazama kutoka huko.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, alikwenda Tokyo kuwa mwanagenzi katika gereji iliyoitwa Art Shokai, mali ya Yuzo Sakakibara. Miezi ya mwanzo hakushika spana. Kazi yake ilikuwa kufagia na kumlea mtoto wa tajiri wake.

Septemba 1, mwaka 1923, tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Tokyo na moto ukateketeza sehemu kubwa ya jiji. Gereji ilipofikiwa na moto, magari ya wateja yalipaswa kuondolewa haraka, na hapo ndipo Honda alipokaa nyuma ya usukani kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Baada ya moto, kazi ya kufufua magari yaliyoungua ikawa shule yake.

Injini ya ndege juu ya chesisi ya gari

Sakakibara alipenda mashindano ya magari. Kuagiza gari la mashindano kutoka nje kuligharimu fedha nyingi, kwa hiyo aliamua kuliunda mwenyewe gerejini. Honda alikuwa mmoja wa wasaidizi wake, akifanya kazi hiyo usiku baada ya magari ya wateja kumalizika.

Gari lililojulikana zaidi liliitwa Curtiss. Injini yake ilitoka kwenye ndege ya Kimarekani ya jina hilo, ya silinda nane, ukubwa wa lita 8 na nguvu za farasi zipatazo 90. Chesisi ilikuwa ya gari la Kimarekani aina ya Mitchell. Ugumu wa kazi ulikuwa katika kuviunganisha vitu viwili ambavyo havikutengenezwa kukaa pamoja. Injini hiyo ilikusudiwa kuzungusha pangaboi, si magurudumu, na ilifikia nguvu zake kamili kwa mizunguko 1,400 tu kwa dakika. Fundi alilazimika kupima, kutengeneza viungo kwa mkono, kujaribu, kuvunja na kurudia.

Novemba 23, mwaka 1924, gari hilo lilishindana huko Tsurumi na kushika nafasi ya kwanza. Dereva alikuwa Shinichi, mdogo wake Sakakibara. Aliyekaa kando yake kama fundi wa safari alikuwa Honda, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 18. Gari hilo limehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la kampuni ya Honda huko Motegi, Japani.

Marekani nako, kuanzia miaka ya 1930, vijana wa California wasiokuwa na fedha walifanya jambo la aina hiyohiyo. Walinunua Ford kuukuu, wakaondoa madigadi, boneti na kila kisichohitajika, kisha wakaifufua injini na kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Magari hayo yaliitwa hot rod. Ford ilipotoa injini ya silinda nane ya bei nafuu mwaka 1932, injini hizo nazo ziliishia mikononi mwao baada ya wenyewe kuzichoka.

Siri yao ilikuwa hesabu ndogo. Mwenye fedha huongeza mwendo kwa kununua injini kubwa. Asiye na fedha hupunguza uzito, kwa kuwa kuondoa chuma hakuna gharama. Hesabu hiyo inamhusu hata mwenye mkokoteni. Bodi ya vyuma vizito inawachosha ng'ombe kabla gunia la kwanza halijapakiwa, na kila kilo ya chuma kisicho na kazi ni kilo ya mahindi iliyobaki shambani.

Ajali iliyomfunza

Mwaka 1928 Sakakibara alimruhusu Honda kufungua tawi la Art Shokai mjini Hamamatsu. Alikuwa na miaka 21. Katika moto wa Tokyo alikuwa ameona spoki za mbao za magari zikiungua, hivyo akabuni za chuma na kuzipatia hataza. Biashara ikakua, na bado aliendelea kuunda magari ya mashindano.

Juni 7, mwaka 1936, aliingia kwenye mashindano ya Tamagawa, kando ya mto Tama, akiwa na gari aliloliita Hamamatsu. Lilikuwa na injini ya Ford aliyoiongezea nguvu mwenyewe. Pembeni yake alikaa mdogo wake, Benjiro, kama fundi. Wakiwa katika mwendo mkali waligongana na gari jingine, la kwao likapinduka. Honda aliumia usoni na mkononi. Benjiro aliumia zaidi, kwenye uti wa mgongo.

Gari lile lilikuwa na kila kitu cha kuongeza mwendo, lakini kinga ya waliokuwa ndani yake ilikuwa ndogo. Katika nchi ya miteremko kama Ufipa, hilo si jambo la Japani peke yake. Mkokoteni usio na breki unaoshuka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa umebeba hatari ileile: mzigo ukiushinda mguu wa ng'ombe, hakuna cha kuuzuia. Fundi mwenye bajeti ndogo hukata gharama kwenye rangi na mapambo. Akikata kwenye breki, atakayelipa ni mtu mwingine.

Ringi 50, nzima tatu

Mwaka 1937 Honda aliingia kwenye utengenezaji wa ringi za pistoni. Hapo mikono yake hodari ilishindwa. Ringi zilitoka ngumu mahali pasipotakiwa au zikavunjika, naye hakujua sababu. Mtu aliyekwishakuwa na gereji, wafanyakazi na jina mjini alikwenda kukaa darasani katika chuo cha ufundi cha Hamamatsu, pamoja na vijana wadogo kwake. Huko ndipo alipotambua kuwa chuma chake kilipungukiwa madini ya silikoni. Hakujali cheti, alichotaka ni sababu.

Hata baada ya hapo njia haikuwa nyepesi. Alipopeleka ringi 50 kukaguliwa na kampuni ya Toyota, zilizopita ni tatu tu. Alizunguka viwandani na vyuoni kujifunza hadi akaweza kutengeneza nyingi kwa ubora uliotakiwa, na Toyota ikawa mteja wake.

Kisha vita vikaharibu alichojenga. Kiwanda kimoja kilipigwa mabomu, na kingine kikabomolewa na tetemeko la Januari 1945. Kilichobaki alikiuza kwa Toyota kwa yen 450,000.

Baiskeli yenye injini

Baada ya vita, Japani ilikuwa na njaa. Mabasi na treni vilijaa kupita kiasi, petroli ilikuwa ya mgawo, na watu wa mjini walikwenda vijijini kwa baiskeli kutafuta chakula. Mwaka 1946 Honda aliziona injini ndogo za kuendeshea majenereta ya redio za jeshi, zikiwa hazina kazi tena. Aliifunga moja kwenye baiskeli. Tangi la mafuta la majaribio lilikuwa chombo cha kuwekea maji ya moto ya kupashia kitanda joto. Mkewe, Sachi, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuijaribu barabarani.

Wateja walikuja kwa wingi. Injini zile, zipatazo 500, zilikwisha, na hapo Honda alikuwa na njia mbili: kufunga biashara, au kutengeneza injini yake mwenyewe. Mwaka 1947 alitoa injini yake ya kwanza. Septemba 24, mwaka 1948, aliandikisha kampuni ya Honda Motor ikiwa na mtaji wa yen milioni moja na wafanyakazi 34.

Mwenye spana na mwenye daftari

Honda alijua chuma, lakini hakuwa mtu wa fedha. Alitengeneza pikipiki nzuri, lakini kuziuza na kukusanya malipo kulimshinda. Mwaka 1949 alijiunga naye Takeo Fujisawa, mfanyabiashara asiye fundi. Waligawana kazi: mmoja kiwandani, mwingine kwenye mauzo na mahesabu, na hakuna aliyeingilia ya mwenzake.

Mwaka 1952, walipokuwa na injini mpya ya kufunga kwenye baiskeli, Fujisawa aliyaandikia barua maelfu ya maduka ya baiskeli nchini Japani kuyaomba yawe wauzaji. Wauza baiskeli wadogo, ambao hakuna kampuni iliyowajali, wakawa mtandao wa Honda. Mwaka huohuo kampuni iliagiza kutoka nje mashine zenye thamani ya yen milioni 450, deni kubwa mara nyingi kuliko mtaji wake. Mauzo yalipodorora mwaka 1954 nusura ifilisike, na kilichoiokoa ni Fujisawa kuzungumza mapema na benki pamoja na wauza vipuri waliokuwa wakiidai.

Mwaka 1958 ilitoka Super Cub, pikipiki ndogo isiyo na klachi ya mkono, ili hata mpeleka chakula aweze kuiendesha kwa mkono mmoja. Hadi mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Mwaka 1961 pikipiki za Honda zilishinda mbio za Isle of Man, na mwaka 1963 kampuni ikaanza kuuza magari.

Honda na Fujisawa walistaafu pamoja mwaka 1973, wakawaachia vijana kampuni. Honda alifariki Agosti 5, mwaka 1991, akiwa na miaka 84.

Mwaka huo wa 1973 ndipo Tanzania ilipounda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, ili fundi mdogo apate mahali pa kuuliza. Honda hakuona aibu kuuliza, na hapo ndipo alipoachana na mafundi wenzake waliokuwa na mikono kama yake. Vyuma chakavu vilimpa mwanzo wa bei nafuu. Kilichomkuza ni kutafuta sababu kila kitu kilipovunjika, kujiandaa mapema kwa siku ambayo vyuma hivyo vingekwisha, na kumkabidhi daftari mtu anayejua kulisoma.

Fundi wa Sumbawanga anayeunda mkokoteni wake wa kumi anaweza kuanza na jambo moja lisilohitaji mtaji: kurudi kwa wateja tisa wa mwanzo, aangalie ni wapi ile mikokoteni ilipovunjika, na kuandika.