Karoli Lwanga na Maji ya Usiku wa Munyonyo

Mtakatifu Karoli Lwanga wa Uganda hakuwa padre wala shemasi. Alikuwa mtumishi katika jumba la Kabaka Mwanga, naye alikuwa angali mkatekumeni hapo tarehe 15 Novemba 1885, siku aliyouawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wa vijana Wakatoliki wa jumbani. Siku hiyo hiyo Lwanga alikwenda misioni kwa Mapadre Weupe akabatizwa, kisha akautwaa mzigo wa marehemu. Kardinali Lavigerie alikuwa ameagiza mafundisho ya miaka minne kabla ya Ubatizo, agizo la busara. Lakini kifo hakikungoja miaka minne.

Mwezi wa Mei 1886 Kabaka alirudi Munyonyo kutoka mawindoni akiwa na ghadhabu, akaamuru milango ifungwe. Usiku wa kuamkia tarehe 26 vijana walijua yatakayowapata, na baadhi yao walikuwa hawajabatizwa: Kizito, mwenye umri wa miaka kama 14, Gyavira, Mugagga na Mbaga Tuzinde. (Huyu Mbaga hana undugu na Mbaga yetu ya milima ya Upare.) Padre hakuweza kufika. Basi Lwanga akatwaa maji, akawabatiza mwenyewe.

Hakuiba kazi ya mtu. Katika hatari ya kufa, Kanisa humruhusu mtu yeyote kubatiza, mume kwa mke, hata asiyebatizwa, mradi amwagie maji, atamke jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na akusudie kutenda litendalo Kanisa. Mama wa Gonja ambaye mtoto wake anazimika usiku wa masika, njia ya mlimani haipitiki, asikae akilia kwamba padre yuko mbali. Mtoto akipona, apelekwe parokiani akamilishiwe ibada na kuandikwa kitabuni; maji hayarudiwi.

Vijana wakapelekwa Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886 Lwanga alichomwa peke yake, kwa moto wa polepole. Mbaga, jamaa wa mkuu wa wauaji, alipigwa shingoni kabla ya kutupwa motoni. Kizito alikuwa Mkristu kwa siku nane tu.

Papa Paulo VI aliwatangaza Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na pamoja nao wale wanne ambao hawakubatizwa na padre.