Kaare Klint, Mdenmark aliyeunda kiti cha Safari

Wanaokusanya viti vya zamani vya Denmark hulipa pesa si haba kupata kiti kiitwacho Safari. Jina ni Kiswahili chetu, na halikutoka hewani.

Kaare Klint alizaliwa 1888 Frederiksberg, Copenhagen, babake akiwa msanifu majengo. Kuanzia 1924 alifundisha samani katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa. Wenzake walichora kwanza. Yeye alipima kwanza. Alipima mwili wa mtu, hata sahani zitakazowekwa kabatini. Na hakuona haya kuiga cha zamani kilichofanya kazi.

Basi aliona kiti fulani katika picha za Martin na Osa Johnson, Wamarekani walioishi miaka kadhaa kule Marsabit wakipiga picha za wanyama. Asili yake ni kiti cha maofisa Waingereza wa India. Mwaka wa 1933 Klint akaunda chake: vijiti vya mbao, turubai, mishipi ya ngozi. Kinafunguka bila bisibisi. Wapagazi waliovibeba viti hivyo porini si wao waliovikalia, ila madukani hilo hulisikii.

Klint alifariki 1954. Kiti kingali kinauzwa Ulaya kwa bei ya ng'ombe, na sioni sehemu yake itakayomshinda fundi wa Kangeta mwenye msumeno na patasi.